Neema Anahesabu kwa Kihunde, Anajibu kwa Kifaransa

Walikale, siku ya Mungu, kisha misa

Dada yangu mukubwa Furaha,

Mukono wangu ukufikie wewe kwanza, kisha umufikie Mama pale anaketi karibu na moto. Mumeamuka namna gani kule Karuba? Goti ya Mama inamuacha apande kilima, ao bado ni fimbo? Na munalala usingizi, hamukimbie usiku? Huku habari za kwenu zinatufikia ku midomo ya watu wa pikipiki, kila mumoja na yake, basi moyo wangu hautulie. Ukiandika, anza na hiyo ya usingizi.

Sisi tuko. Baba ya Neema ameingia tena mu pori kupasua mbao, iko juma ya tatu sasa. Mimi niko na shamba ya muhogo. Udongo wa huku unanata ku miguu kama bugali yenye haijaiva, lakini muhogo unakuja, Mungu asifiwe.

Barua yako nilipata. Ulisema kama mutoto anateseka ku masomo ya huku, mwisho wa mwezi utakuja wewe mwenyewe kumutwaa, arudi kusoma Karuba. Dada, nililia, maana mu moyo nilikuwa nimekwisha kukubali. Lakini soma hii yote mbele ya kufunga mizigo.

Kuko kitu nilikuficha, na kosa iko yangu. Huku kalasi ya tatu wanafundisha kwa Kifaransa tu. Direkta, mukubwa wa masomo, hapendi kusikia luga ingine mu uwanja. Neema alifika na Kihunde chetu na Swahili ya barabarani. Kifaransa alikuwa nacho cha kusalimia. Juma ya kwanza akanyamaza. Mwezi wa kwanza akanyamaza. Watoto wakamupa jina Bubu. Mwalimu wake, kijana Munyanga wa hapa hapa, anaitwa Amani, aliniambia mutoto si mujinga, anaandika vizuri kile kimeandikwa na chaki ku tablo, lakini akimuuliza kitu, mutoto anaangalia miguu yake.

Basi mimi na kalasi zangu tatu za zamani nikawaza, dawa ni kumuongezea Kifaransa. Nikakataza Kihunde mu nyumba. Nikakataza na Swahili. Unanijua: Kifaransa changu ni bonjour, merci, asseyez-vous, na sala moja yenye sijui inasema nini. Tukawa tunaketi watu wawili mbele ya sombe, majani yetu ya muhogo. Ninamwambia asseyez-vous, na amekwisha kuketi. Ananijibu merci. Kisha maneno imekwisha. Miezi miwili, dada. Hata kumuuliza kama tumbo inamuuma sikukuwa na neno, nikawa ninamupapasa tumbo na mukono, naye anatikisa kichwa. Mimi nikasema ndani yangu, vumilia, Kifaransa kiko karibu kuingia.

Kile kiliingia ni habari ya direkta. Aliniita, akasema Neema atarudishwa kalasi ya kwanza, akae na watoto wadogo mpaka ajue kusema. Mutoto wa miaka kumi! Magoti yake hayataenea chini ya zile benchi. Nikaona heri arudi kwenu kuliko kupata ile haya. Siku ya nne asubui nikaenda kumutosha ku masomo.

Ofisi ilikuwa imefungwa, direkta ametoka. Nikasimama inje ya kalasi ya tatu, karibu na dirisha, ningoje. Zile nyumba ni za mbao tu, dirisha haina kifuniko, unaona yote. Mwalimu Amani alikuwa amechora miviringo ku tablo na kuikata vipande vipande, anauliza kwa Kifaransa. Watoto makumi wamejikunja kama kuku mu mvua. Akauliza tena, bure. Akaweka chaki chini, akaangalia barabara namna muntu anaangalia kama kuko mwenye anakuja, kisha akafungua mudomo na kusema Kinyanga.

Unajua Kinyanga na Kihunde ni ndugu, nusu unasikia, nusu unabahatisha. Aliwauliza: baba zenu wakiua nguruwe ya pori, munaigawa namna gani?

Dada, ile kalasi iliamuka. Kila mumoja anataka kusema. Mwenye wavu anapata hii, mwenye imbwa anapata ile, mujomba ana sehemu yake yenye hakuna muntu anagusa. Binti mumoja wa muwindaji, anaitwa Mapendo, akasimama na kukata ile nyama juu ya benchi na ubavu wa mukono: vipande viwili, na kila nusu vipande viwili tena. Na yote inaliwa mbele ya kuoza, akasema, hakuna kubakisha.

Pale njo nikasikia sauti mu Kihunde: "Na mbegu? Mbegu mumeweka wapi?"

Sikuijua ile sauti. Nilitafuta ku benchi mutoto gani mugeni wa kwetu. Ilikuwa Neema wangu.

Wakacheka mpaka mbao zikatetemeka. Mapendo akamuambia, "We Bubu, kwenu wanapanda nyama?" Na Neema naye akacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake. Mwalimu hakumukatiza, aliuliza tu, kwenu munagawa nini? Mutoto akatoka ku benchi, akachuchumaa chini, akakusanya fungu ya maharagi yenye haikuwa pale, vile Mama anafanya juu ya mukeka kisha mavuno. Akaipasua katikati na mukono muzima mpaka kiwiko. Hii nusu ni ya kula. Hii ingine anaipasua tena: mupande wa wageni na kilio, na mupande wa mbegu. "Na hii ya mbegu, hata njaa ikuje na fimbo, haiguswe." Maneno ya Mama, dada, na uso wa Mama, hata ile kukunja mudomo.

Mwalimu akaokota chaki. Akasema hii ya mbegu, na kile kipande cha nyama cha Mapendo, kwa Kifaransa vina jina moja: un quart. Akaandika. Watoto wote wakasema un quart, na mimi ku dirisha mudomo wangu ukasema nao. Miaka hii yote nimegawa ile fungu, Mama ameigawa, mama yake aliigawa, na hatukujua kama kile tunafanya kwa magoti kiko mu kitabu cha wazungu. Nilizania masomo ni kitu kinatoka mbali sana, unakifuata na pumzi inakukatika. Kumbe kilikuwa mukononi, kinangoja jina.

Sasa sikia. Direkta akatokea. Alipita mbele yangu hata bila kunisalimia, akaingia, akauliza kama hii ni kalasi ao soko ya wawindaji. Watoto wote chini. Mwalimu Amani, mikono mu chaki, akamuambia kwa heshima amuulize mutoto yeyote ile fundisho ya leo, kwa Kifaransa. Direkta akaangalia benchi zote, na kidole kikaenda kwa Neema. Alijua anachagua nani.

Akamusimamisha ku tablo. Akauliza Kifaransa kirefu. Mwalimu alinielezea kisha: gunia ya maharagi ya kilo makumi mbili, un quart yake ni kilo ngapi. Neema akaangalia miguu. Nikasema basi, imekwisha. Nikashika mbao ya dirisha. Halafu nikaona midomo yake inatikisika, na mukono unapita hewani, unapasua, unapasua tena. Alikuwa anahesabu polepole mu Kihunde.

Direkta akauliza, "Anasema nini huyu?"

Mwalimu akajibu, "Direkta, iko njiani. Umuache afike."

Dada, sijawahi kuomba namna ile, hata siku ya kumuzaa. Neema akainua kichwa. "Cinq kilos," akasema. Kisha kwa Swahili, na sauti ndogo, "Lakini haziliwe, ni za kupanda."

Direkta akaangalia Neema, kisha tablo. Mwalimu aliniambia yule baba ni mutoto wa walimaji kama sisi, tena wa upande wetu, njia ya Kibabi. Sijui kama njo sababu. Hakucheka. Alisema tu, abakie ya tatu mpaka mutihani, kisha tutaona. Alipotoka njo akanisalimia.

Usizanie yote imetengenezeka. Mutihani utakuwa wa Kifaransa, na mimi bado ninataka mutoto wangu akijue, akiseme mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Woga ninao. Lakini sikumutosha, nilirudi na mikono mitupu nikiwa na furaha. Mwalimu Amani sasa anaanza kila fundisho na luga ya watoto, kisha Kifaransa kinakuja juu yake. Direkta anapita ku dirisha, anasikia, anaendelea na njia.

Ile siku Neema alipofika nyumbani nikamuita kwa Kihunde, nikamwambia ile kukataza yangu imekwisha. Aliongea mpaka sombe ikaungua. Miezi miwili yote ilimutoka. Na katikati akaniuliza, "Mama, nilikukosea nini?" Alikuwa anazania nilimukasirikia, kwa sababu sikuwa ninamusemesha. Nilimuomba musamaha, muntu mukubwa kwa mutoto, na sikusikia haya.

Basi dada, usikuje kumutwaa. Kuja kututembelea tu, njia ikiwa salama.

Unisalimie mume wako, umuambie ile panga alinipa inakata muhogo vizuri. Salimia mama mukwe wangu kule Kibabi, na mudogo wetu Esperance mwenye anauzisha viazi Mushaki, na katekista wetu, aendelee kutuombea. Barua hii nimeiweka mu mukono wa mama mumoja anapeleka mawese upande wenu. Umupe maji ya kunywa, ni muntu muzuri.

Utakuta mu bahasha karatasi ya pili, ya kaye, daftari ya masomo. Hiyo si yangu. Neema aliandika kwa Kihunde, yeye peke yake. Mimi sikujua kama luga yetu inakubali kukaa ku karatasi. Kuko sauti moja alijaribu kuiandika mara tatu, ananiuliza mama, hii ni herufi gani, na mimi sijui, tunaisema tu sisi wawili, tunaisema tena, mpaka akachagua. Hiyo karatasi ni ya Mama. Umuketishe, umusomee polepole kwa sauti. Hautakuwa na haja ya kumuelezea hata neno moja.

Ni mimi mudogo wako mwenye kukuwaza kila asubui,
Vumilia, Mama Neema