Nafasi ya Gari la Baba

Jumapili, 1 Septemba

Baba amekaa dakika thelathini na tano. Najua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anahesabu — kila akipeleka kijiko mdomoni, jicho kwenye saa ya ukutani. Hajamaliza chakula. Hajauliza habari za kazi. Hata mapazia yangu hajayasema, na yeye hajawahi kuyaacha salama. Kasimama, kachukua kofia.

Kisa? Paking! Mtaa huu wanatoza kwa saa, na saa ya pili ni ghali kuliko ya kwanza.

Kaniambia mlangoni kwamba amefundisha watu udereva miaka thelathini na moja, hatalipa pesa kwa kusimama. Kutembea sawa, kusimama hapana. Nikacheka. Baadaye naosha vyombo, kicheko kikaniisha. Tangu Mama afariki, Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Mwezi uliopita alikosa mbili, na sababu ni hiyo hiyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakusema mgeni aliweke wapi gari.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepita ofisi ya maegesho kabla ya kazi. Foleni, namba, kiti cha plastiki. Karani kaniambia kila nyumba hupewa vibali kumi na viwili vya wageni kwa mwaka, na vya mwaka huu vilikwisha mwezi wa sita. Nikauliza asiyepata afanyeje. Kasema wageni wengine huja kwa miguu. Hakuwa anatania.

Jumatano, 4 Septemba

Baada ya kazi nimezunguka mtaa mzima na kalamu. Chini ya duka kubwa: saa mbili bure ukionyesha risiti, ya tatu wanakunyonya damu. Nyuma ya hospitali: wagonjwa tu. Mtaa wa mafundi viatu: bure, lakini lazima ufike alfajiri.

Halafu — ghala la samani! Uwanja mpana, Jumapili hawafanyi kazi. Mlinzi ni mtu mpole mwenye kikohozi. Tumekubaliana: gari moja, kutwa nzima, kwa bei isiyofika saa moja ya barabarani. Nimerudi nyumbani natembea kama niliyeshinda kesi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimempigia Baba kumpa habari njema. Maswali! Geti lina upana gani? Kuna nguzo? Kuna mteremko? Ndani kuna kivuli au mwanga? Magari mengine yanakaa upande gani? Nimemwambia Baba, unaweka gari, hujengi nyumba. Kasema ataona.

Kaka naye kwenye simu anasema mzee anabana pesa tu, kala chumvi nyingi, mwache na mambo yake. Kaka anaishi mbali, mwendo wa saa nane kwa basi. Ukiwa huko, "mwache" ni neno jepesi.

Jumapili, 8 Septemba

Leo sijui nianzie wapi.

Baba kachelewa saa nzima. Kaingia shati limelowa jasho, viatu vyeupe kwa vumbi. Mlinzi wa ghala kanipigia mara mbili, mgeni wako mbona hafiki. Nikamuuliza Baba gari liko wapi. "Pale mbele tu," kasema. Mbele wapi? Mbele.

Lakini kakaa saa tatu! Kala, kaongeza, kaniuliza habari za kazi. Nikamweleza kuhusu mteja wangu mmoja anayetaka nimchongee meno bandia yenye pengo, kwa sababu mkewe alimpenda na pengo. Baba kacheka mpaka akafuta macho. Nimefurahi jamani, nisijidanganye.

Wakati wa kuondoka nikasema namsindikiza. Hataki. Nikamsindikiza hadi kona, nikaaga, halafu — aibu yangu hii — nikamfuata.

Dakika arobaini kwa miguu! Baba, na magoti yale. Kavuka barabara kubwa, kapita soko lililofungwa. Ng'ambo ya daraja paking ni bure, hakuna anayetoza hata senti. Nafasi zilikuwa wazi, nimehesabu saba, na nyingine ziko hatua chache tu kutoka darajani. Hakuzitazama. Kaenda mpaka kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani, udongo mtupu, hakuna mistari, hakuna gari jingine. La kwake liko katikati kabisa, pua imeelekea njia ya kutokea.

Kioo cha pembeni cha kushoto kimefungwa kwa utepe wa gundi. Ubavu una mkwaruzo mpya, mrefu.

Kabla ya kufungua mlango kaweka kiganja kwenye boneti, kaenda anapapasa taratibu, boneti, kioo, mpaka mkono ukapata kitasa. Nilikuwa nyuma ya kibanda. Nikitaka ningemwita. Sikumwita.

Bei haihusiki. Haijawahi kuhusika.

Jumanne, 10 Septemba

Silali vizuri. Kazini nimechonga jino moja nikapitiliza, kazi ya siku mbili imekwenda na maji.

Nakumbuka alivyonifundisha. Mtu mwenye darasa lake, na bado kamwangusha binti yake mtihani mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimegusa nguzo kidogo, upana wa kidole. Nikalia, nikamwambia Baba, ni mimi. Kasema, "Nguzo haijui wewe mtoto wa nani." Nilimchukia wiki nzima. Tangu siku ile, miaka kumi na minane, sijagusa kitu.

Sasa nani atamwangusha yeye? Mimi? Kwa mdomo upi?

Na akiacha gari, atakuja vipi? Basi hapandi. Anasema madereva wake aliwafundisha yeye na anajua udhaifu wao mmoja mmoja. Atakaa kule peke yake na redio. Kwa hiyo nikisema, nampoteza Jumapili. Nisiposema, naweza kumpoteza kabisa, au akamgonga mtoto wa mtu.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama wa chini — nesi mstaafu, flati ya chini yangu — ana nafasi yake ya gari mbele ya mlango wetu. Halali, ya kwake, hailipiwi. Gari aliliuza, siku hizi kaijaza vyungu vya maua. Nimeshuka kumwomba aniazime Jumapili. Kusema kweli sijui kwa nini niliendelea kutafuta. Nadhani nilitaka angalau asitembee zile dakika arobaini.

Kakubali hapo hapo, bure, ila nimsaidie kusogeza vyungu. Halafu kanitazama, akauliza, mwanangu, una nini? Nikamwaga yote. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Halafu kaniambia kwa nini aliuza gari. Kulikuwa na mtu kavaa koti la kijivu kando ya barabara, yeye akadhani ni kijisanduku cha umeme. Nusura amgonge.

"Wanangu walikuwa wanajua," kasema. "Watu kazini walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa nangoja mmoja aniambie. Wote wakaniheshimu."

Nimepanda ngazi na chungu nilichokuwa nimeanza kusogeza bado mkononi, nimesahau kukiweka chini.

Ijumaa, 13 Septemba

Kaka: ukimnyang'anya mzee gari umemzika. Mimi: basi mwambie wewe, wewe ndiye mkubwa. Kaka: wewe ndiye uko karibu. Mimi: njoo uwe karibu. Kasema atafikiria. Tukakata simu kila mtu kanuna.

Jumapili, 15 Septemba

Saa kumi na moja na robo jioni. Naandika upesi.

Asubuhi tulisogeza vyungu, mimi na mama wa chini. Vinane. Cha tisa kizito, tukakiacha pembeni kabisa, ukutani. Nafasi ikabaki pana, hata lori linaingia, tena unaingiza pua tu, huhitaji rivasi. Nikasimama humo kuanzia saa tano nisije nikanyang'anywa.

Baba kaja polepole. Nilipomwelekeza kwa mikono kafuata mikono. Nikasema simama. Hakusimama. Tairi kwenye ukingo, bampa kwenye chungu, chungu vipande viwili. Kashuka, kainama, katazama kwa karibu sana. Kasema chungu kiliwekwa vibaya.

Nikasema ndiyo, Baba. Kiliwekwa vibaya.

Mama wa chini alikuwa dirishani. Kafunga pazia.

Tumekula. Hajatazama saa hata mara moja. Kasimulia habari za yule mwanafunzi wake aliyefunga macho kila akivuka reli. Kalala kwenye kiti, mdomo wazi. Nikakaa namtazama, nikapanga maneno. Akiamka nitasema. Akinywa chai nitasema. Kaamka, kanywa chai, mimi namuuliza kama sukari inatosha!

Halafu kanishika mkono. Baba si mtu wa kushika mikono. Kasema, "Umenifanyia jambo kubwa, mwanangu. Sasa nitakuja kila Jumapili. Na Jumatano nitakuja."

Nimehangaika wiki mbili kumtafutia nafasi. Nimempa sababu ya kuendesha mara mbili.

Mvua imeanza. Kasema aondoke kabla giza halijaingia. Kutoka pale lazima arudi nyuma hadi barabarani, na Jumapili jioni magari hapa yanapita kasi, na leo kuna watoto wa jengo la pili wanacheza kwenye maji. Nawasikia kutoka hapa. Nikasema nitateremka nimwelekeze. Kasema hapana, nitalowa, yeye anajua kazi yake.

Kaenda chumbani kuvaa viatu. Sasa karudi, kofia kichwani. Kauliza ufunguo aliuweka wapi, si ulikuwa hapa mezani?

Naandika.

Anapapasa meza. Sahani, kikombe, miwani ambayo haimsaidii tena. Kiganja kimefika kwenye kiwiko changu, kimesimama.

"Umeuona?"

Uko chini ya daftari hili. Nausikia kila ninapokandamiza kalamu.

Kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Ananiangalia, au anaangalia upande niliko. Sasa kaniuliza, taratibu, sauti ile ya kwenye gari la mafunzo, kama kuna kitu nataka kumwambia.