Mke Wangu Kachukua Saba ya Pau

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mtu wa kiwango changu ndiye anayeombwa, maana mimi ndiye bingwa wa mazingaombwe ya karata asiye na mpinzani kuanzia hapa mpaka kule ndege zinakogeuzia, na kama hujawahi kunisikia ni kwa sababu sifanyi yale ya jukwaani ya kukata watu kwa msumeno, mimi nafanya ya karibu, mezani, pua yako na vidole vyangu vikipumuliana, na bado huoni kitu. Watu wananiita Profesa Vidole. Shule niliiacha mapema, walimu walipoona hawana la kuniongezea, lakini rubani mmoja aliwahi kuwaacha abiria ndani ya ndege wakimsubiri kwa sababu alitaka nirudie, na mwizi aliyeingia kwangu kwa dirisha alitoka kwa mlango, akaniachia saa yake kama ada ya somo. Hayo tuyaache.

Shida yangu ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, mwanamke mtulivu, cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha, na tumeishi kwa raha tangu enzi nilipokuwa na nywele. Sasa nikufungulie siri moja ya kazi, ila usimwambie mtu. Ninatandaza karata mkononi zikiwa zimelala kifudifudi, namwambia mtu chagua yoyote, naye anachagua, kumbe mimi nimeshamchagulia, kwa sababu karata zinateleza taratibu na kidole chake kinaposhuka kinaikuta ile ninayoitaka mimi, naye ataamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba kachagua mwenyewe. Ni kazi ngumu hiyo, kuna waliojaribu wakaishia kuuza mitumba. Kwa mke wangu haijawahi kunikatalia hata mara moja, ndiyo maana kila onyesho anakaa meza ya mbele na ninaanza naye, kama mgeni yeyote tu.

Basi juzijuzi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifanya sherehe ya uchumba, nikaona familia ipate kumbukumbu. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamshonea mchumba koti, nikamwagiza aiweke karata ya malkia wa kopa ndani ya bitana na kushona juu yake pasionekane hata tundu la sindano, naye akashona bila kuuliza. Mpango ulikuwa kwamba mke wangu achague malkia wa kopa mkononi mwangu, niipoteze machoni pa watu, halafu mchumba afumue bitana ya koti lake aikute imo.

Ukumbi ukajaa, nikasimama, nikasema maneno mawili matatu ya kuwachangamsha watu, kwamba mke wangu ni wa sindano na uzi tu, kuhusu kazi yangu haelewi hata kidogo, namdanganya tangu tuoane na hajawahi kushtuka, watu wakacheka, naye akacheka, kidogo. Nikatandaza karata. Kidole chake kikashuka, kikafika juu ya malkia wa kopa, kikaivuka kama mtu anayevuka dimbwi, kikachomoa karata ya pembeni kabisa. Nilihisi kitu hakijakaa sawa, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia, nikatangaza kwamba amechagua malkia wa kopa na aliye na mkasi ampe mchumba.

Mke wangu akaigeuza. Saba ya pau.

Mchumba wa watu alikuwa ameshafumua koti jipya mpaka kwapani, ameshika malkia wa kopa, anamtazama kila mtu. Mpwa wangu akaniuliza mbele ya wageni, "Mjomba, sasa huyu malkia ndani ya koti la mchumba wangu ni nani?" Walicheka mpaka wapishi wakaja kuchungulia.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Mama, mbona umechukua saba ya pau?"

Akasema, "Si uliniambia nichague yoyote?"

Akaendelea kushona. Na tangu siku hiyo kila nikimtandazia karata anasema ana kazi za watu.

Sasa mshauri, hoteli moja kubwa imeniita kwa majaribio, nikipita nitakuwa natembelea meza za wageni kila mwisho wa wiki, na hiyo ndiyo kazi niliyoiota maisha yangu yote, lakini mke wangu amesema haji, niende na vidole vyangu. Nimejaribu kufanya mazoezi na dada yangu, anachukua karata anayotaka yeye, ana vidole vikaidi tangu utotoni. Nikajaribu na jirani, naye vilevile, nikajaribu na fundi bomba, naye mikono ina utelezi. Inaelekea mtaa mzima una matatizo ya vidole. Je, mke wangu amerogwa, au mapenzi yamekwisha?

Ni mimi, Profesa Vidole.

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, kaa chini, na hizo karata ziweke mezani.

Pole kwa aibu ya ukumbini, na zaidi nampa pole mwenye koti. Lakini baba, barua yako nimeisoma mara mbili na nimecheka mara tatu. Ulimwagiza mkeo ashone malkia wa kopa ndani ya koti. Karata aliishika kwa mkono wake, akaifunika kwa uzi wake. Halafu ukumbini unamtandazia karata na kuamini hajui ni ipi unayotaka achukue? Nani hapo anadanganywa?

Dada yako hana vidole vikaidi. Jirani hana tatizo. Fundi bomba wa watu mwache na mabomba yake. Hawa ndio watu wa kawaida, wanachukua karata wanayoiona. Mtu mmoja tu duniani amekuwa akiisaka ile unayoitaka na kuichukua, onyesho baada ya onyesho, ili wewe upigiwe makofi, na huyo ndiye uliyesimama mbele ya wakwe watarajiwa wa mpwa wako ukasema haelewi hata kidogo. Mimi ningekuchomolea pakiti nzima.

Mkeo hajarogwa. Mapenzi hayajaisha, yaliyoisha ni uvumilivu, na huo unarudi kama mtu akijishusha. Fanya hivi. Mwite mpwa wako na mchumba wake nyumbani, kwa sababu ulimdharau mkeo mbele yao, na mbele yao umwombe radhi, kwa maneno machache, bila habari za rubani. Koti mpe mkeo alirekebishe, na safari hii mwombe, usimwagize. Halafu mwambie kuhusu hoteli na umuulize yeye angependa kukaa wapi na kufanya nini. Umuulize, kisha unyamaze usikilize jibu. Najua kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwako. Na ukipata nafasi, jifunze upya hiyo ya kuchagulia watu karata, maana inaonekana hukuwahi kumaliza somo.

PROFESA AMEANDIKA TENA

Mpendwa mshauri, nimepita majaribio, hoteli nusura ianguke kwa makofi, na meneja aliniambia hajaona kitu kama kile tangu azaliwe, ingawa hapo kuna jambo nitalifikia.

Nilifanya ulivyosema. Niliomba radhi mbele ya mpwa na mchumba, nikaanza kidogo habari ya rubani, mpwa akasema, "Mjomba," nikaacha. Mke wangu alilichukua koti, akaligeuza nje ndani, akasema, "Nitafikiria." Nikamuuliza kuhusu hoteli. Akasema, "Nitakuja, lakini leta na hilo koti lako jeusi nikupunguzie kiunoni." Mimi nikafurahi, nikajua mambo yamekwisha.

Siku ya majaribio akavaa gauni lake jipya, akaja mpaka mezani kwa meneja, na badala ya kukaa akanyoosha mkono, akasema, "Leo zilete huku, Profesa. Chagua wewe." Ningefanyaje, wageni wanatazama. Akachanga karata, akazitandaza, nami nikachagua kwa akili zangu timamu, nikaikwepa moja niliyoona inajisogeza, nikachomoa nyingine ya mbali. Saba ya pau. Akaniambia niichane, nikaichana. Kisha akampa meneja kimkasi chake cha kushonea, akasema, "Fumua bitana ya koti la mume wangu, upande wa moyo, taratibu, nimeshona vizuri."

Saba ya pau ilikuwa humo. Nilikuwa nimeivaa tangu nyumbani.

Sasa tumeajiriwa wawili, jina lake linatangulia kwenye tangazo, na watu wanauliza nani kamfundisha, mimi nacheka tu na kurekebisha tai. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa siri, nitakwambia. Ile karata nilichagua mwenyewe, nakuapia, na mpaka leo sijui alifanyaje, na naona haya kumuuliza.