Baba Samweli, Breki Imeanza Kuzama

Mpendwa Baba Samweli,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini hapa Cheyo kumekucha, kwa hiyo pokea salamu hivyo hivyo. Barua hii naiacha wazi, siifungi, kwa sababu wapo wengine wanaopaswa kuisoma. Utawajua mbele ya safari.

Ni pikapu yako. Breki imeanza kuzama.

Hakuna aliyeniambia, niliona mwenyewe. Juzi Samweli alikuwa anaingiza gari uani, nami natoka sokoni niko nyuma yake. Zile taa nyekundu za nyuma zikawaka, zikazimika, zikawaka, zikazimika, zikawaka tena, ndipo gari likasimama, pua imebakiza kidogo tu kugusa ukuta wa jiko. Wewe ulikuwa unakanyaga mara moja. Nilipomuuliza akasema, "Kawaida tu, Mama. Gari la zamani hili. Unapampu kidogo, inashika."

Kawaida tu. Neno lako hilo hilo, na sauti yako ile ile.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Wenzangu walipelekwa mjini kuchagua vitenge, mimi nilipelekwa kwenye kiti cha dereva. Wewe chini ya gari na spana yako, inaonekana miguu tu, mimi juu na mguu wangu kwenye pedali. "Pampu! Pampu! Pampu! Shikilia!" Nashikilia. Unafungua ile nati ndogo nyuma ya gurudumu, pedali inadidimia chini ya mguu wangu, na huko nyuma nasikia mafuta ya breki yakitoka pamoja na hewa. "Usiachie!" Siachii. Unafunga. "Haya, achia." Gurudumu hili, kisha lile, mpaka jua linaelemea na ugali wangu haujasongwa. Siku moja niliachia kabla hujafunga, gari likavuta hewa upya, kazi yote ikawa bure. Ulitoka chini na uso wa kutaka kugomba, ukaniona nilivyotoa macho, ukacheka mpaka ukashika tairi. Baadaye ukawa unajigamba kwa rafiki zako kwamba una mke mwenye mguu unaosikia.

Basi mguu huo ndio niliokwenda nao jana mchana, Samweli alipokuwa ametoka. Nilichukua ufunguo, nikakaa, nikawasha, nikakanyaga. Pedali ilikwenda chini laini kama nimekanyaga unga uliokandwa. Nikapampu, ikapanda. Nikasema moyoni, hewa. Halafu nikafanya ulivyonifundisha: nikakanyaga, nikatulia, sikuinua mguu. Ikaanza kushuka polepole, inanikimbia huku nimeibana. Hapo nikajua si hewa peke yake, mafuta yanatoka mahali.

Nilifungua boneti. Kile kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimepungua, ingawa Samweli alikuwa amekijaza mwanzoni mwa wiki. Chini ya gari pakavu. Nikazunguka magurudumu yote, naingiza mkono kwa ndani, mwanamke mzima na kanga yangu nimepiga magoti kwenye vumbi. La nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limelowa. Nikanusa. Hayakuwa meusi kama ya injini. Ni yale yale yanayobabua rangi, yaliyoniharibia ndoo yangu ya njano ukakataa kunilipa.

Leo ni Ijumaa. Kila Ijumaa Samweli anampeleka Tunu kwa mama yake, ambaye kazi imempeleka Ipole, na kurudi anapakia asali. Tunu ni yule mjukuu uliyemwacha anatambaa. Sasa ana maneno huyo, anakaa kiti cha mbele kama bosi na hataki kushikwa mkono.

Samweli aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango, ufunguo nimeuweka kifuani.

"Gari hili haliendi Ipole."

"Mama, jamani."

"Gurudumu la nyuma linavuja. Njoo ushike."

"Nitaongeza mafuta. Mama, njia ya Ipole ni lami, tena tambarare. Baba alishuka mlima Sekenke bila breki na mzigo wa vitunguu. Mimi nishindwe na barabara iliyonyooka?"

Sasa hapo ndipo ulipo, Baba Samweli. Kwenye Sekenke yako.

Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia kwenye msiba wako mwenyewe nikiwa nimekaa mkekani na macho yamevimba. Kila mwaka inaongezwa chumvi. Siku hizi wanasema ulikuwa unapiga mluzi. Siku hizi mkono mmoja ulikuwa dirishani. Mdogo wako ndiye mpishi mkuu, na akimaliza watu wanapiga makofi, na mwanao alikua akiwa katikati ya makofi hayo.

Mimi nilikuwemo. Tulikuwa tunatoka Singida, Samweli amelala mapajani mwangu, mdomo wazi. Kwenye kona ile ya pili nikaona mguu wako unakwenda chini na haurudi na kitu. Ukashusha gia mpaka namba moja, injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa, ukavuta breki ya mkono, na bonde lote la Wembere lilikuwa chini yetu kama linatungoja. Niliuliza kuna nini. Ukasema, "Tulia, kawaida tu." Nikakuamini. Mpaka leo najiuliza kama ningekuwa na nguvu za kukaa kitini iwapo nisingekuamini.

Tulipofika chini, pale tambarare, gari likaishiwa mwendo lenyewe. Ulishuka ukaenda nyuma. Nikangoja. Nilipokufuata nikakukuta umetapika, umekaa chini umeegemea tairi, na suruali yako ilikuwa imelowa. Ulishika mguu wangu kwa mikono miwili. "Nilishawaua, Mama Samweli," ulisema. "Pale juu nilishawaua." Ulilirudia hilo mpaka nikakuziba mdomo kwa kiganja. Kisha ukaniomba nisimwambie mtu, nami nikakubali, na nimelitunza miaka yote hiyo, hata mdogo wako alipokuwa anapiga mluzi kwa niaba yako.

Jana nilisema, Baba Samweli. Nilimwambia mwanao yote, na kutapika, na suruali. Nilisema nikiwa nimesimama, nikipiga kelele, jirani alizima redio yake asikie vizuri. Nilijua nakuvua nguo mbele ya mtoto wako. Lakini nilikuwa naona kile kiti cha mbele na miguu midogo isiyofika chini, na hofu iliniondolea adabu yote.

Na sasa naandika wazi ili na wao wasome, mdogo wako na wote wanaoisimulia. Acheni mluzi. Aliogopa. Aliogopa sana, na kwa sababu aliogopa hakukanyaga tena pedali laini hata siku moja. Jumamosi zetu zote zile chini ya gari ni za baada ya Sekenke, na hilo hamlisimulii.

Najua utaniuliza, "Haya, na mtoto alisemaje?" Nimekuwa naizunguka hii tangu mwanzo wa barua, maana kuiandika kunanitia baridi.

Alichukua jeki, akapandisha gari, akatoa tairi, akagonga ile ngoma ya breki mpaka ikatoka. Ndani kulikuwa kumelowa chapachapa. Raba za silinda ndogo, zile zinazozuia mafuta yasitoke, zimekwisha, hata mimi niliona. Alichuchumaa akiliangalia lile gurudumu, amenipa mgongo.

"Kumbe Baba aliogopa," akasema.

"Aliogopa, mwanangu."

"Ijumaa iliyopita," akasema, bado hajageuka, "tulipoipita Sikonge, ng'ombe walikatiza barabara. Nikakanyaga, hakuna. Nikapampu, hakuna. Nikapita katikati yao, Mama. Sijui nilipitaje. Nilimuona mmoja, pembe yake ilipita hapa, kwenye kioo cha Tunu."

Nilikaa hapo hapo kwenye mafuta.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, Mama? Mimi mtoto wa yule wa Sekenke."

Asubuhi hii wamekwenda kwa basi, wote wawili, nami nilisimama mpaka basi likapotea. Gari limebaki uani limekalia matofali. Limekaa salama, wao wako salama. Nisamehe kwa ile siri. Kama huwezi, basi, nitakukuta huko tugombane.

Nilimuuliza Samweli jambo moja tu kabla hajapanda basi. Nilimuuliza, walipowapita wale ng'ombe, mtoto alifanyaje, alilia?

Hakulia, Baba Samweli. Alidhani anachezewa. Alipiga makofi, akasema, "Baba, tena!"

Lala salama, mume wangu. Mimi bado niko macho.

Mkeo,
Mama Samweli