Shikamoo Zilizokwama Njiani

Kinole, Morogoro

Mwanangu Mwaisha,

Huku sote wazima, mvua imetulia na migomba imebeba vizuri. Barua hii anakuletea Rashida, yule mwenye duka Msamvu, pamoja na iliki na mdalasini. Simu nimeiacha makusudi, maana baba yako angesikia.

Uliniambia Waisraeli na Wapalestina wanaojadiliana amani hapo hotelini kwenu Doha hawakai pamoja. Wewe unapeleka chai vyumba viwili, na marafiki zao wakubwa ndio wanaobeba maneno kutoka chumba hiki hadi kile. Nilicheka, kisha nikajiona mwenyewe.

Unajua miaka miwili sijasemezana na kaka yangu, mjomba wako Stambuli, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila Ijumaa nilimtuma baba yako anifikishie shikamoo, na kila Ijumaa alirudi akisema mjomba hakuitikia. Jumanne nikaenda mwenyewe. Kumbe haikufika hata moja. Badala yake baba yako alikuwa akimtishia mahakama kwa jina langu.

Nilipomuuliza, akashangaa kweli. "Mama Mwaisha, mimi si niko upande wako?"

Shamba tumelipima jana kwa kamba, mimi nimeshika huku, kaka ameshika kule. Baba yako tukampa kazi ya kupika chai, ya sufuria moja.

Ni mimi mama yako, niliyeitikiwa marahaba,
Mwanahawa