Maelezo Kuhusu Selipher Nekesa na Ijumaa ya Korongoni

Jina: Eddah Nafula. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: Al-Suwaidi, Riyadh, kwa wazazi wangu. Nimeandika mwenyewe, baba akiwa kando yangu, kwa sababu nikiulizwa mbele ya watu maneno hunipotea.

Selipher ni mama yangu mdogo. Anafanya kazi za nyumbani Al-Naseem na huishi hukohuko kwa kafili wake, yaani mwajiri wake, na mkewe, ambaye humwita madam. Mnamo Ijumaa, tarehe 4 Machi 2016, madam alimruhusu kutoka nasi, familia yetu nzima, arudi kabla ya Magharibi. Yeye mwenyewe alimwachia madam namba ya baba.

Tulifika korongoni, nje ya jiji, saa saba mchana. Baba alibaki juu garini kwa sababu ya goti lake, akatushikia simu zote. Kiongozi wetu, Dominic, alitufunga mishipi, akatuvika kofia ngumu, akasema njia hiyo ni ya wanaoanza. Mama mdogo hakuwahi kuning'inia kwenye kamba maishani, lakini aliteremka ukuta wa kwanza akicheka.

"Dominic, nikianguka usimwambie madam. Atauliza nani atapika!"

Kwenye ukuta wa mwisho, mimi na mama tulitangulia chini. Ndugu yangu Lewis, wa miaka tisa, alifika kwenye ukingo wa mwamba katikati ya ukuta, akatazama chini, akagoma. Aliukumbatia mwamba, na kila Dominic alipoikaza kamba kutoka juu alipiga mayowe. Mama mdogo, aliyekuwa bado juu, aliomba ateremshwe kwa kamba nyingine akae naye.

Jua lilikuwa linashuka. Mama akaita, "Sely, na madam je? Mwache Dominic amshushe!"

"Akishushwa akilia hivi, hatapanda hata ngazi tena. Madam nitamweleza. Lewis, huyu Dominic anafanana na nani?"

"Mwalimu wa hesabu."

"Basi usiangalie chini. Muangalie mwalimu wa hesabu."

Hakumharakisha. Nimesoma habari za mashujaa wengi, nikadhani huwa hawaogopi. Lakini miguu ya mama mdogo ilitetemeka hadi changarawe zikaniangukia kofiani. Giza likiingia waliteremka pamoja, Lewis akiilegeza kamba kidogo kidogo kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati huo madam alikuwa amempigia baba. Sisi Wakenya hapa tuna mazoea: sauti ngeni ya Kiarabu ikimuulizia dada yeyote, tunasema kwanza hayupo, maana huenda amemtoroka mwajiri na anatafutwa. Baba hakuijua namba. Alijibu, "Mafi Selipher, mafi," yaani hayupo, akakata. Madam akaamini ametoroka.

Tulipofika Al-Naseem, kafili alikuwa mlangoni, mkononi ana ikama ya mama mdogo, kile kibali chake cha kuishi nchini. Alisema, "Halas," yaani imekwisha, akatuleta hapa kituo cha polisi na kuandikisha taarifa kwamba ametoroka. Mama mdogo alimwambia kafili tu, "Nimechelewa, baba, ni kosa langu." Hakumtaja Lewis wala ile simu. Ndiyo maana ninaandika. Taarifa hiyo ikibaki, atapoteza kazi na kurudishwa Kenya kama mtoro, naye hakutoroka. Alikaa na mtoto.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, isipokuwa habari ya simu, ambayo baba ameikiri mbele ya afisa.

Sahihi: Eddah Nafula

Maelezo ya afisa: Yametafsiriwa kwa Kiarabu na kusomwa mbele ya mwajiri na mkewe. Mke wa mwajiri aliuliza mtoto yuko wapi. Alionyeshwa kwenye benchi la ukumbini, amelala, kichwa mapajani mwa Selipher. Taarifa ya kutoroka imeondolewa na ikama imerudishwa kwa mwenyewe.