Mtama wa Juu ya Meko

Mama,

Shikamoo. Ulikuwaga hupendi mtu akuzungushe, kwa hiyo nakupa habari mbaya kwanza: mbegu yako imeliwa. Yote. Imeliwa kwenye matanga yako mwenyewe, siku ya pili, na walioila walilamba vidole.

Najua ungekuwepo ungeninyooshea mwiko. "We Zaituni, ulikuwa wapi?" Nilikuwa ndani, Mama, wanawake kushoto na kulia, nimefunikwa kanga. Mfiwa hanyanyuki. Nikasikia kinu uani. Nikajisemea labda majirani wameleta mahindi. Halafu nikausikia mchi unavyoanguka, ule mlio mwepesi wa punje ndogo. Mahindi hayalii hivyo. Mtu aliyekua akikusikia wewe ukitwanga mtama hawezi kukosea. Siku ya kukuzika sikulia sana, watu walinisema. Nilipousikia mchi ule ndipo nikapiga ukelele, wanawake wakanishika, "Mwacheni alie, sasa ndio uchungu umemfika." Walidhani nakulilia wewe.

Aliyeiteremsha ni Mjomba Kondo, kaka yako. Watu walikuwa wengi kuliko chakula. Wametoka Chanika yote, wengine Kisarawe, wengine Mbagala, na mwaka wenyewe wa njaa, kila aliyekuja alikuja na tumbo lake. Mjomba akazunguka jikoni, akatazama juu ya meko, akayaona yale masuke uliyoyafunga kwa kamba, meusi kwa moshi. Akasema, "Si huu hapa mtama? Marehemu hakutuacha hivihivi." Akavuta kigoda, akapanda, akakata kamba. Wanawake wakapura, wakapepeta masizi, wakatwanga, wakasonga. Shoga yako Bi Mwanahawa ndiye aliyeniletea sahani. "Kula mwanangu, mtamu huu. Kumbe mama yako alikuwa anaficha!" Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani, mkono mdomoni.

Mie sikula. Mwanaidi alikula. Mtoto mdogo, ana njaa, atakataa vipi? Alimaliza akaomba aongezwe.

Na hapa nataka nikwambie neno bila adabu, Mama, unisamehe au usinisamehe.

Unakumbuka ule mwezi kabla hujaugua? Masika ilikuwa imetufanyia mzaha. Wewe mwenyewe ulisema, mvua siku hizi ni kama mgeni wa msibani: inasimama mlangoni, inalia kidogo, inaaga. Mahindi ya majirani yakakauka yamesimama, upepo ukipita yanalia kama karatasi. Na mtama wako usijisifu nao sana, ulitoa visuke kama vidole vya mtoto. Ukapita shambani ukachagua vilivyo bora, ukavifunga, ukavining'iniza juu ya meko. Vilivyobaki tukala vikaisha. Tukaingia kwenye mihogo, ile michungu ya kulowekwa. Mwanaidi kila akiamka anataka uji, na uji hakuna. Nikakuomba konzi moja, Mama. Konzi moja tu nimsagie mtoto.

Hukupandisha hata sauti. "Hiyo si chakula, Zaituni. Hiyo ni mwakani."

Nikanyoosha mkono mwenyewe. Ukanichapa mkono kama mtoto, mie mtu mzima na mtoto wangu mgongoni.

Nilikuchukia siku ile. Sikufichi, huko uliko unaona kila kitu. Kisha homa ikakuchukua, hata hatukuwahi kupatana vizuri, na hiyo mwakani yako ikaliwa kwa mlo mmoja na watu ambao wengine walikuwa wanaulizana mlangoni, "Eti marehemu alikuwa anaitwa nani?" Mjukuu wako ulimnyima. Wapita njia ukawawekea. Hili limenikaa kama mwiba wa samaki, haushuki wala hautoki.

Baba Mwanaidi alipotoka Vingunguti machinjioni nikamweleza. Akasema, "Sasa unalilia nini, mke wangu? Mbegu si zimejaa madukani? Siku hizi kila kitu ruksa." Na kweli zimejaa. Zamani tulikuwa tunamngojea bwana shamba mpaka macho yanaota vigaga, na akija anakuja na maneno matupu. Sasa ukiwa na hela yako unaingia dukani Kariakoo unatoka na pakiti yenye picha ya hindi kubwa kama mkono wa mpiga makasia. Akaniletea. Nikaifungua, punje zote nyekundu, zimepakwa dawa ili mtu asizile. Nikakaa chini nikacheka peke yangu. Laiti na mtama wako ungepakwa sumu, Mama, ungesalimika na ndugu zako.

Nikapanda vuli. Nisiseme uongo, yaliota mazuri. Kijani kibichi, manene, kila anayepita anasifu, nami nikaanza kusema moyoni kwamba Mama alikuwa na ubishi wake tu. Mpaka yakafika pa kutoa mbelewele na ndevu, mvua ikakatika. Mtama wako ungengoja. Lakini hindi halina subira. Siku zile za ndevu likikosa maji, basi, hata ulimwagie Ruvu nzima baadaye halikusikii. Nikavunja hindi moja, nikalimenya, punje moja huku, moja kule, kama kinywa cha bibi kizee. Na hata hizo muuza duka alishamkanya Baba Mwanaidi: usizirudishe ardhini, hazitazaa vile, msimu ujao uje ununue tena.

Hapo ndipo Mjomba akaja na lake. Unamjua, anaanza kwa kusifu. "Zaituni mwanangu, umehangaika sana." Kisha: "Masika hii nikikuta shamba la dada yangu limekaa majani matupu, nalikata viwanja. Kuna mtu wa mjini keshaliona, kalipenda." Nikamwambia nitapanda mtama wa Mama. Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. "Mtama upi? Ule tuliokula? Tena ule ni chakula cha njiwa, mwanangu."

Tuliokula. Alilitamka vile vile, mdomo haukumtetemeka.

Nikatembea kutafuta. Wewe mbegu hukuuza maishani mwako, ulikuwa unagawa, mtu anakurudishia akivuna. Nikasema basi, lazima ipo nyumba ya mtu. Bi Mwanahawa akainamisha kichwa: "Nilishaacha mwanangu. Watoto wako shule, nani atakaa kuamia ndege wasile mtama?" Kisarawe wakaniambia ile ya mwisho waliila njaa ile ile. Mbagala sokoni nikapata mtama, mwekundu, wa wapika pombe. Nikaulaza kwenye kitambaa kibichi chini ya mtungi kama ulivyokuwa unajaribu wewe. Ukaoza. Haukutoa hata jino.

Nikarudi nyumbani nikakaa kizingitini, sina hata la kumwambia Mjomba. Mwanaidi yuko uani anacheza na kile kibuyu chake. Kile ulichomtengenezea alipozaliwa, kidogo, kama manyanga ya ngoma, ukakiziba mdomo kwa nta ya nyuki. Nilipokwambia tia kokoto ukanisuta, "Mwanao kuku, umtikisie kokoto?" Ukatia mtama. Tangu siku ile nimeusikia mlio ule asubuhi na jioni, nikipika, nikifua, mpaka sikio likauzoea likawa halisikii tena. Siku hiyo likasikia.

Nilimwomba anipe. Hakutaka, Mama, alikikumbatia kifuani, maana kila anayemuuliza anamwambia ni cha bibi. Nilimnyang'anya. Nikakipasua kwa jiwe la kusagia na yeye analia ameshika gauni langu. Ndani mtama ulikuwa safi, mweupe, nta haikuruhusu fukusi hata mmoja. Kiganja changu kimoja, hakikujaa.

Mwanaidi akanyamaza akachungulia. Akafuta makamasi. Akasema, "Mama, uji?"

Na mie, kwa mdomo wangu huu uliokulaani, nikamjibu, "Hiyo si chakula, mwanangu. Hiyo ni mwakani."

Nikalia basi. Siku ile ndiyo niliyokulilia wewe.

Kibuyu nilikishona kwa uzi wa ukindu, nikamtilia kokoto. Anakitikisa, ananitazama, anakiweka chini.

Nilipanda mvua ya kwanza ya masika, kona ile ya chini unayoijua, punje mojamoja, natoboa kwa kidole, nafukia, kama mtu anayewafunika watoto. Ukaota. Ulipofika magotini mvua ikaaga, tabia yake ile ile. Nilikwenda kila siku kuutazama kama mgonjwa. Ukakunja majani, ukajibana, ukasimama pale haukui haufi, kama mwanamke aliyefunga kanga kiunoni anangoja zamu yake bombani. Upande wenye mchwa ulikufa, sikuongopei, sehemu kubwa tu. Mahindi ya ng'ambo ya njia yakawa meupe. Wiki zikapita. Mvua iliporudi, mtama ukafungua majani kana kwamba hapakuwa na kitu. Mie nilikuwa nimeshakata tamaa, wenyewe haukukata.

Sasa hivi nakuandikia niko juu ya dungu shambani, kombeo mapajani, kwa hiyo mwandiko ukienda upande ujue ndege wamekuja. Masuke yameinama. Si makubwa. Lakini yameinama.

Juzi Mjomba alikuja na yule mtu wake wa mjini, viatu vimemjaa vumbi. Akaniona huku juu. "We Zaituni, unalinda nini hapo, almasi?"

"Shikamoo Mjomba. Nalinda chakula cha matanga."

"Matanga ya nani tena?"

"Ya atakayetangulia, Mjomba."

Yule mtu wa mjini akacheka, Mjomba hakucheka. Shamba lenye mazao halipimwi viwanja, hilo hata yeye analijua. Wakaondoka. Najua atarudi nikishavuna, na mie najua nitakuwa nimeshapanda mihogo katikati, akirudi aikute, akirudi tena akute mtama. Tutachoshana.

Bi Mwanahawa naye alipita jana, akasimama njiani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ukivuna utanikumbuka konzi?" Nilitaka kumkumbusha ile sahani aliyoniletea matangani. Nikamwambia nitamkumbuka. Wewe ungempa, ndio maana. Si kwamba nimesahau.

Mama, sijui kama nimekusamehe ile siku. Kuna saa nikimwangalia Mwanaidi mbavu zake, naona bado. Kuna saa nikitazama masuke haya, naona tayari. Uyaache mambo yaende hivyo.

Lala salama, Mama yangu mgumu. Ahadi yangu ni hii. Nitachagua masuke bora kuliko yote, nitayafunga, nitayaning'iniza juu ya meko pale pale kwenye alama ya kamba yako. Mengine nitayagawa nyumba kwa nyumba, mtu akila kwake, kwa mwingine yabaki. Na Mwanaidi nitamfundisha kabla hata ya kumfundisha kusonga: siku mama yako akifa, usianze kulia. Panda kigoda kwanza, uteremshe mbegu, ukaifiche. Kisha njoo ulie na watu.

Mwanao,
Zaituni