Alhamisi Zako na Mama Ndeshi

Baba Neema,

Leo sokoni nimemsalimia Mama Ndeshi, tena nimeanza mimi. Usifurahi upesi. Bado namwonea wivu, na wivu huo uliuleta wewe nyumbani kwangu.

Kila Alhamisi mchana alikuja na mtori, supu yenu ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Ugali wangu ulikuwa unaudonoa na kuusukuma pembeni, lakini mtori wake uliumaliza wote. Mnakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, Kichaga kinamwagika, mnacheka. Nikitokea na vikombe, kimya! "Ni dada wa nyumbani Machame," ulisema, "ananiletea habari za mama." Mimi binti wa Kiiraqw wa Qurus, Kichaga chenu nilijua salamu tu. Nilikuwa nagonga sufuria makusudi, mjue nimekasirika. Miaka tisa ya ndoa na kicheko kile sikuwahi kukipata.

Tulipokuzika kwenu na kurudi Karatu, alikuja bila mtori. Alinipa jani la isale lililofungwa fundo, lile mnalopelekeana Wachaga mkiombana msamaha. Akasema si dada yako. Ni mshauri nasaha wa kituo cha afya. Nyie wageni wa hapa mjini mlikuwa mnapima halafu hamrudi, na wewe uliogopa madereva wenzako wa watalii wasikuone pale, ndipo kituo kikawatafutia mtu wa kwenu wa kuwafuata nyumbani. Ulikuwa na virusi. Ulimwachia yeye kazi ya kuniambia ukishakufa, ili nikapime.

Yeye! Nilimfukuza hadi barabarani. Baba Neema, ulithubutuje?

Mkanda wa jeshi uliponitoka ubavuni, nikaenda kupima. Ninavyo. Nesi akaniambia kwa upole kwamba watanipa mshauri Mwiraqw, tuelewane kwa lugha yetu. Nikasema simtaki, nataka yule wa mume wangu. Alishangaa sana. Lakini Mama Ndeshi ndiye aliyebaki na maneno yako, nami niliyataka yote.

Basi hanipi! "Hiyo ni siri yake, mama," ananijibu, kisha ananigeuzia habari za kumeza dawa kwa saa. Hizo dawa zimefika wewe umeshaondoka. Hata umekufa anakulinda. Nimesonya wee, hajali. Juzi nililia mbele yake, ndipo akaniambia jambo moja tu, lile ulilomruhusu.

Kumbe zile Alhamisi mlikuwa mnafanya mazoezi. Yeye anajifanya mimi, wewe unajaribu kuniambia. Ukifika katikati unakwama, mnacheka ili usilie.

Kwa hiyo maneno yaliyokuwa yangu aliyasikia yeye. Mimi nilikuwa jikoni, hatua kumi, nagonga sufuria. Wivu huu haujaniisha na sitakudanganya kwamba utaisha kesho. Ila tangu siku ile nalala upande wako wa kitanda.

Kwa heri, mume wangu. Isale lako limekauka ndani ya kitabu cha nyimbo, fundo sijalifungua. Nitameza dawa zangu, nitamkuza Neema, nitachelewa sana kuja, na wewe utanisubiri. Nikifika, uniambie mwenyewe, usoni. Mazoezi umeshafanya ya kutosha.

Mama Neema wako